Diski inayogonga tik-tik: usiiwashe tena

Dada, umesema diski ya laptopu ilianguka, sasa inagonga tik-tik, kompyuta haiioni, na rafiki amekushauri uiweke kwenye friza. Tafadhali usifanye hivyo. Ukiitoa kwenye baridi, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya sahani za ndani, zile zinazohifadhi data. Izime na uiache hivyo hivyo.

Mlio huo mara nyingi ni vichwa vya kusomea vilivyoharibika. Huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi, huku sahani ikizunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika. Kila ukiiwasha, kichwa kilichopinda kinaweza kukwangua utando wenye data, na ukishakwanguliwa hakuna fundi atakayeurudisha. Kwa hiyo usikubali mtu aifungue mezani. Vichwa hubadilishwa kwenye chumba kisicho na vumbi, kwa vipuri vya diski ya modeli ileile, na gharama si ndogo. Uliza mapema kama utalipa hata wakishindwa.

Ingekuwa inasoma kwa shida bila kugonga, ningekuambia utumie ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenye mfumo wa Linux: hunakili kwanza sehemu zisizoharibika, kisha hurudia zile mbovu. Nakala iende kwenye diski nyingine, na mafaili uyatafute humo kwa PhotoRec, programu ya kurejesha mafaili yaliyopotea.

Hizo picha za marehemu mama, waulize pia ndugu uliowahi kuwatumia WhatsApp. Nyingi huenda bado ziko kwenye simu zao. Pole sana.