Someni mstari mzima: kwa wanaojaza uhandisi mwaka huu

Wadogo zetu wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati), kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka swali ni lile lile: "Chuo gani kizuri kwa engineering?" Tukiuliza engineering ipi, mnanuna. Jamani, haturingi. Kwenye vyuo vyetu huingii uhandisi kwa ujumla kisha ukachagua tawi ukishazoea kantini. Fomu inataka programu tangu siku ya kwanza: ujenzi, umeme, mitambo, kemikali. Anayechagua chuo bila kuchagua programu amechagua geti.

Kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kina jedwali, na kila programu ina mstari wake. Mnasoma jina la chuo na jina la programu, basi. Vilivyobaki kwenye mstari huo ndivyo vinavyowaliza Novemba.

1. Sifa za kujiunga. Kiwango cha chini ni pointi 4.0 kwa masomo mawili yanayotajwa, ambayo kwa uhandisi mara nyingi ni Fizikia na Advanced Mathematics. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinakuruhusu kuomba. Kuomba, mdogo wangu. Foleni inapangwa kuanzia juu, na nafasi zikiisha zimeisha. Ndiyo maana tazama pia safu ya nafasi: programu ya watu 50 na ya watu 200 hazina foleni moja. Wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), BAM, ile hisabati ya ziada, haikuvushi mahali palipoandikwa Advanced Mathematics, hata kama uliipata kwa A. Wa diploma, kitabu chenu ni tofauti na GPA inaanzia 3.0, acheni kusoma cha kidato cha sita halafu mkalalamika.

2. Muda. Uhandisi ni miaka 4. Ukiona 3, huenda ni kompyuta sayansi au jamaa yake. Ni taaluma halali, ina ajira zake, ila usije ukaipeleka Bodi ya Usajili wa Wahandisi. ERB, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1997, ndiyo inayoamua nani aitwe mhandisi. Unaanza kama mhandisi mhitimu, unafanya mafunzo ya kazini yanayoitwa SEAP miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa, ndipo unaomba usajili kamili. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya maombi, hakikisha programu hiyo, kwa jina lake kamili, inatambuliwa na ERB. Ithibati ya TCU ni jambo moja, usajili wa ERB ni jambo lingine.

3. Hapa ndipo pa kilio. "Nitaingia kwanza na programu yoyote, nikishafika ndani nitahamia." Sentensi hii ina umri mkubwa kuliko wengi wenu, na kila mwaka kuna anayeisema kana kwamba ameigundua yeye. Hesabu yake inaonekana tamu: programu isiyo na ushindani, chuo chenye jina, halafu wiki ya kwanza unaandika barua kwenda umeme. Sasa sikiliza inavyokwenda. Ili uhamie umeme, kwanza pawe na kiti kilichobaki wazi, na programu zenye foleni ndefu hazibakizi viti. Pili, pointi zako zifikie za waliochaguliwa umeme mwaka huo. Kama zingefikia, ungechaguliwa tangu mwanzo. Tatu, dirisha la uhamisho ni fupi, na linafunguka wakati wewe bado unahangaika na usajili, chumba cha hosteli na kitambulisho. Barua inakaa ofisini. Unaambiwa subiri. Wewe, kwa kuwa moyo uko umeme, unaingia vipindi vya umeme na kuacha vya programu yako. Majibu yanatoka: hapana. Tayari umekosa testi moja, maabara mbili, na mchoro wa kwanza wa engineering drawing ambao wenzako walikesha nao na T-square. Semista inaisha na sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya marudio. Za Septemba zikikataa, unabeba kerio, somo la kurudia mwaka unaofuata; zikikataa zote, ni disko, unaondolewa chuo. Hata anayekubaliwa hajamaliza, maana mkopo nao unapaswa kuhamishwa, na bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) la wenzake linaingia yeye akiwa bado anakimbizana na afisa mikopo. Kama programu huitaki kuisoma miaka minne, usiijaze.

4. Nenda karakana, usiishie utawala. Omba kuonyeshwa maabara ya zege. Viunzi vya chuma vya mchemraba wa mm 150 vikiwa na mafuta ndani na zege mbichi limebaki kwenye pembe, watu wanafanya kazi. Vikiwa na vumbi na kutu, majaribio yanafanywa kwa kunakili. Kwenye mashine ya kubonyezea michemraba hiyo hadi ivunjike tafuta stika ya kalibresheni na usome tarehe. Kisha msimamishe mwanafunzi wa mwaka wa tatu umuulize: ile michemraba ya zege lililokaa siku 7 na siku 28, uliivunja wewe mwenyewe au ulipewa majibu? Atacheka kwanza. Mwache acheke, halafu sikiliza anachosema.

5. Kampasi. Kuna wanaojaza uhandisi wa mawasiliano UDSM wakiota Mlimani, wakifika wanaambiwa CoICT, ndaki ya TEHAMA inayofundisha programu hiyo, iko Kijitonyama. Na kama unajua unachotaka, usidharau vyuo vyenye kazi yao maalumu: SUA (chuo cha kilimo) kwa umwagiliaji, Chuo Kikuu Ardhi kwa uhandisi wa mazingira, NIT (chuo cha usafirishaji) kwa magari na ndege, DMI (chuo cha bahari) kwa meli, Chuo cha Maji kwa maji.

6. Uliza nani anatafuta nafasi ya PT (mafunzo kwa vitendo), chuo au wewe. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, kabla Bodi ya Mikopo haijafungua dirisha.

7. Namba ya simu. Wengi mnakuwa kambini JKT wakati wa maombi, simu haiko mkononi, anayekujazia ni mjomba, na mjomba anampa kazi kijana wa stesheneri. Kijana ana haraka, anaweka namba yake. Ukichaguliwa vyuo viwili, namba ya siri ya kuthibitisha inatumwa kwa SMS, na unaiingiza kwenye akaunti ya chuo kimoja tu. SMS inaingia kwa kijana wa stesheneri, ambaye wiki hiyo amejazia watu arobaini na ameshabadilisha laini. Andika namba ya mama kwenye karatasi, mpe mjomba kabla hujapanda basi la kambini, na mwambie mama asifute meseji asizozielewa.