Wasomaji wanauliza: meno ya uzeeni, kijiti cha mswaki na kashata

SWALI: Mwanangu, mie nakaa Ngamiani hapa Tanga, umri wangu 68. Meno yangu yalikuwa mazima, ujanani nikifungua soda kwa meno watu wakanishangaa. Sasa tangu nianze vidonge vya presha kinywa kinakauka, usiku naamka ulimi umegandana, na meno mawili yametoboka pembeni kabisa karibu na fizi. Binti yangu anasema mswaki wa mti ni ushamba niuache, jirani naye anasema nisugue mkaa na limau. Nimfuate nani? Nataka njia za asili.
Bi Mkubwa, Ngamiani

JIBU: Shikamoo mama. Kwa kweli wote wawili wamekosea, ila jirani kazidi.

Tuanze na hayo matundu maana pale yalipokaa panasema kitu. Ukishakuwa mtu mzima fizi zinarudi nyuma kidogo kidogo, shina la jino linabaki wazi, na shina halina lile gamba gumu la juu, ndo maana linaoza upesi. Alafu mate ndo mlinzi wa meno, yanaosha mabaki na kupunguza makali ya asidi, sasa vidonge vingi, vya presha vikiwemo, vinakausha mate. Kwa hiyo mama siyo uzee unaokuozesha meno, ni ukavu. Lakini vidonge USIACHE hata siku moja! Rudi kwa daktari wako umwambie kinywa kinakauka, pengine kuna aina nyingine atakubadilishia. Weka chupa ya maji kitandani, mchana piga funda dogo dogo, na bablishi isiyo na sukari nayo inavuta mate kama taya zinaruhusu.

Mkaa unakwangua, limau linayeyusha, na shina lako liko wazi tayari, hapo ni sawa na kupiga msasa mlango ulioliwa na mchwa. Karafuu inapoza maumivu, hilo kweli, ila tundu haizibi.

Kijiti sasa. Usikiache, hata WHO wanakikubali kwa watu waliokizoea. Ila wengi tunakitumia vibaya, mtu kakitia mfukoni wiki nzima na nyuzi zilezile zimeshakuwa ufagio, anasugua mbele tu pale panapoonekana akicheka. Menya ganda la ncha kiasi cha sentimita moja, loweka ikiwa kimekauka, tafuna mpaka nyuzi zilainike, piga taratibu kutoka kwenye fizi kwenda kwenye ncha ya jino na usisahau magego kwa ndani, kesho yake kata ncha ile utoe mpya. Usiku sasa ndo binti yako ana hoja, tumia mswaki laini wa dukani na dawa yenye floraidi, soma kwenye tyubu, kipimo cha floraidi kinachoandikwa ppm kiwe 1,000 mpaka 1,500. Ukimaliza tema, usisukutue na maji mengi, iache ifanye kazi ukilala. Najua umeomba vya asili lakini floraidi nayo ni madini yaliyomo hata ardhini na kwenye maji, na kwa shina lililoanza kulainika sijaona mzizi wala jani la kuishinda.

Sukari nayo. Sikukatazi chai, nani anaweza hapa Tanga? Shida siyo kijiko kimoja au viwili, shida ni ile birika inayokaa pembeni toka asubuhi, kila nusu saa kikombe, maana kila ukionja sukari asidi inaamka upya na wewe mate ya kuituliza huna. Kunywa ya sukari pamoja na chakula, hizo za katikati ziwe bila sukari. Wazee wa barazani kahawa yao chungu haina kosa, kosa ni kashata inayonata kwenye gego mpaka adhuhuri! Tende vilevile, ukishafuturu sukutua maji. Na machungwa ya Muheza kula tu, ila ngoja kama nusu saa ndo upige mswaki.

Hayo mawili yaliyotoboka hayatajifunga yenyewe, nenda yakazibwe mapema, ukisubiri mpaka yaume kuna hatari ya kung'olewa.

SWALI: Mie nna meno ya bandia juu, chini yangu mwenyewe sita. Ya bandia hayaozi, ya nini kuhangaika?
Mzee wa Chumbageni

JIBU: Shikamoo mzee. Hayaozi kweli, ila uchafu unaong'ang'ania juu yake unaleta fangasi kwenye kaakaa, na hao sita wa chini ndo wanaofanya kazi yote sasa. Yavue usiku, yasugue kwa mswaki na sabuni, siyo dawa ya meno maana inayakwaruza, uyalaze kwenye maji ya baridi. Ya moto yanayapinda, na meno yakipinda hata ugali utakushinda.