Jibu: Niache kazi nipone, au?

Dada wa Pipeline, Nairobi, umeuliza kama uache kazi ya keshia kwa sababu ukirudi saa tatu usiku mtoto ashalala, nawe hulali, unalia bafuni ukiwa umefungulia maji.

Usiache kwanza. Mimi niliacha nikiwa na watoto wawili, nikidhani nitapumzika. Mwezi wa pili landilodi akapiga mlango kufuli, na hapo ndipo usingizi uliisha kabisa. Kazi ilinichosha, ndiyo, lakini pia ndiyo iliyonitoa nyumbani nikacheka na watu wazima. Kinachokumaliza huenda si kazi, ni hiyo shifti ya jioni. Mwombe meneja shifti ya asubuhi, kwa maandishi, umtaje mtoto. Tena Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Zako zimeenda wapi?

Baba mtoto hukumtaja. Sheria ya Watoto ya 2022 inambana amtunze mtoto hata kama hamkuoana; anzia ofisi ya watoto iliyo karibu nawe. (Najua ile fahari ya kubeba peke yako. Ilinigharimu.)

Kulia kila usiku, wiki ya tatu sasa, usikungoje kuishe kwenyewe. Nenda hata Mathari, hospitali ya afya ya akili pale Barabara ya Thika. Mimi nilijifunga leso hadi machoni nisijulikane, nikamkuta jirani wangu wa ploti kwenye foleni, naye kajifunga yake.