Maswali Yenu: Kabla ya Godoro na Pazia, Angalia Gari Lenyewe

Mwezi huu barua za magari ya kulala zimezidi za kitu kingine chochote, wengine mnayaita kempa, wengine motohomu, vyovyote vile tunaelewana. Kinachonifurahisha ni kwamba wengi mnatengeneza wenyewe hapahapa kwenye Hiace na Coaster za mtumba, hamsubiri mtu awaletee kutoka Ulaya. Ila nikizisoma zote naona jambo moja linajirudia, watu mnaanzia ndani. Hela inaishia kwenye godoro, pazia na taa za rangi, afu gari linatoka gereji na tairi zilezile lililokuja nazo bandarini. Hilo ni gari kwanza, nyumba baadaye, na majibu mengi hapa chini yanarudi hukohuko.

Shikamoo. Nina Hiace ndefu, fundi seremala ameniambia anaweza kuniwekea kabati za mbao ngumu, sinki na meza ya marumaru, na tenki la lita 200 juu ya keria ili maji yashuke yenyewe bila pampu. Naona ni wazo zuri, wewe unaonaje? Kijana wa Morogoro

Marahaba mdogo wangu. Huyo seremala najua anajua mbao, lakini gari hajalifikiria. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hapo juu ya paa unataka kuweka kilo 200, ni kama watu wazima watatu wamekaa kwenye keria siku nzima na kila ukikata kona nao wanalala upande. Gari refu lenye mzigo juu linapinduka kirahisi, wala halihitaji mwendo mkali, inatosha kukwepa ng'ombe ghafla. Maji yakae chini, karibu na ekseli ya nyuma au katikati ya gari, na lita 60 hadi 80 kwa watu wawili zinatosha kabisa, mtajaza njiani. Pampu ndogo ya volti 12 siyo bei ya kukutisha.

Mbao ngumu acha, tumia plaiwudi nyembamba, na marumaru isahau kabisa. Fungua mlango wa dereva utafute kibati kinachoonyesha uzito wa mwisho unaoruhusiwa wa gari pamoja na mzigo wake, kisipokuwepo angalia kwenye kadi. Toa uzito wa gari likiwa tupu, kinachobaki ndo bajeti yako ya kila kitu, yaani wewe, mwenzio, godoro, maji, mtungi, betri, mpaka sufuria. Ukimaliza kujenga lijaze kama unavyosafiri kisha lipeleke kwenye mzani wowote wa ghala la mazao au wa wanunuzi wa chuma chakavu, watakupimia kwa hela kidogo.

Na tairi. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, zikisomeka 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata, yaani meno ya tairi, inaweza kuwa bado nzima lakini mpira umezeeka, na gari la kulala linapaki sana kuliko linavyotembea kwa hiyo tairi zake zinakufa kwa umri kabla ya kuisha. Likifika miaka sita saba toa, hata kama linang'aa. Pia hakikisha ni tairi za mzigo, zile zenye herufi C baada ya namba, kwa mfano 195R15C, usikubali kufungiwa za gari dogo kisa zinaingia. Upepo pima asubuhi tairi likiwa la baridi, ukipima baada ya kutembea utapata namba ya uongo.

Jambo la mwisho, mwambie wakala wako wa bima kwamba gari limebadilishwa matumizi, na umwambie kwa maandishi. Gari lenye mtungi wa gesi na kitanda siyo tena lile uliloandikisha.

Kaka, gari letu lina friji ndogo ya nyumbani tunaiendesha kwa inveta (ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani), betri ni N70 moja na paneli ya sola ya wati 100. Siku ya kwanza mambo safi, siku ya pili usiku friji inazima. Betri ina miezi minane tu na tayari haishiki chaji. Nimeuziwa feki? Msomaji, Arusha

Sidhani kama ni feki, nadhani imechoshwa. Tupige hesabu pamoja maana hapa ndo watu wengi wanakwama.

Friji ndogo ya nyumbani inakula kama wati-saa 500 hadi 600 (yaani wati mara saa) kwa siku, ukijumlisha kuwaka na kuzima kwake. Sasa inveta nayo, hata friji ikiwa imetulia, yenyewe inakunywa wati kumi hivi muda wote kwa kukaa tu imewashwa, kwa siku nzima hiyo ni wati-saa 240. Ongeza taa na simu mbili tatu, tayari unakaribia 900. Upande wa pili betri yako ya N70 ni kama ampea-saa 70 mara volti 12, yaani wati-saa 840, lakini betri ya maji haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo halali yako ni 420 tu. Na paneli ya wati 100 kwa jua zuri la masaa matano, ukitoa upotevu wa joto na waya, inakurudishia kama 350. Arusha mwezi wa sita na wa saba mawingu yanakaa mpaka mchana kwa hiyo hata hizo hupati. Unatumia 900 unarudisha 350, hakuna betri duniani itakayokuvumilia hapo.

Halafu N70 ni betri ya kuwashia injini. Imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe tena, ukiitoa chaji polepole usiku kucha kila siku inakufa ndani ya miezi, kama ilivyokufa yako. Unahitaji zile za kutumika taratibu, wauza sola wanazo, au ukiweza chukua ya lithiamu ya fosfeti ampea-saa 100, hiyo unaweza kutumia karibu yote na inadumu miaka.

Mimi ningefanya hivi. Kwanza ningeuza hiyo friji na kununua ya kompresa ya volti 12 inayochomekwa moja kwa moja kwenye betri, bei yake inauma lakini inakula kidogo na inveta unaizima kabisa mpaka utake kuchaji laptopu. Paneli ziwe wati 200 au zaidi. Kisha chukua chaji kutoka kwenye altaneta, ile inayozalisha umeme wa injini, wakati gari linatembea, kwa betri ya maji relei ya kutenganisha betri inatosha, ila kwa lithiamu lazima uweke chaja maalumu katikati maana lithiamu inavuta umeme mwingi mpaka altaneta inaungua.

Waya usiwe mwembamba, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kiganja kimoja hivi, siyo kule mwisho kwenye taa. Waya ukikwaruzwa na bati kabla ya fyuzi hakuna cha kuuzuia na wewe umelala juu yake. Nunua na kipima volti kidogo ukipachike pale unapokiona ukiwa kitandani, betri ya maji ikiwa imepumzika 12.7 ni imejaa, 12.2 ni nusu, ikifika hapo zima kila kitu.

Tukitoka Iringa kwenda Dar, tukishuka Kitonga brek zinatoa harufu na pedo inakuwa laini. Fundi amebadilisha pedi mara mbili lakini hali ni ileile. Baba wa familia

Baba, pedi siyo tatizo, ni namna ya kushuka na huenda mafuta ya brek. Mlima kama Kitonga unashukwa kwa gia, siyo kwa mguu. Kanuni ya madereva wa malori bado ni sahihi, gia uliyopandia mlima ndo ushukie, na kama ni otomatiki weka 2 au L kabla hujaanza kushuka wala usingoje gari likolee. Brek unakanyaga kwa nguvu ya kutosha, unapunguza mwendo, unaachia zipoe, unagusa tena. Kuzikalia muda wote ndo kunazipika. Na yeyote anayekwambia uweke free uokoe mafuta usimsikilize, kule Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret watu wengi sana wamekufa kwa malori yaliyoshushwa free.

Pedo kuwa laini maana yake mafuta ya brek yamechemka. Mafuta haya yananyonya unyevu wa hewani, ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, yakishalewa maji yanashuka mpaka 140. Yabadilishe yote kila miaka miwili, siyo kuongezea tu. Ukisikia harufu tafuta sehemu pana usimame, weka jiwe kwenye tairi badala ya kuvuta hendibreki, subiri nusu saa, na usimwagie maji, chuma cha moto kikipigwa maji kinapinda au kupasuka.

Habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Nairobi. Tunataka kuenda Tiwi na kempa ya kukodi halafu tuvuke Lunga Lunga tuingie Tanga. Watu wananiambia nitaibiwa nikilala kwa gari. Ni kweli?

Inategemea unalala wapi, mama. Kando ya barabara usilale, hata kama umechoka, na usiku usiendeshe kabisa kwa sababu ya malori yaliyoharibika bila taa. Nairobi mpaka pwani msivute siku moja na watoto, Voi ni mahali pazuri pa kukata safari. Mkifika Tiwi kuna kambi za ufukweni zilizozoea wageni wa magari, zina askari na maji, na upande wa Tanzania mtapata za namna hiyo kati ya Tanga na Pangani, au mpande Lushoto kule Irente mpate baridi. Msipofika kambini kabla ya giza, ulizia hoteli ndogo yenye geti, wengi wanakubali gari lipaki uani ukila chakula kwao. Mkiwa ufukweni msipaki chini ya mnazi, nazi moja inatoboa paneli au inaua mtu. Na kabla ya kurudisha gari lioshwe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, chesisi inaoza haraka sana pwani.

Kwa kuwa gari ni la kukodi, anza na mwenye gari. Unahitaji logbook, barua yake inayokuruhusu kulivusha mpaka, na bima ya COMESA ile kadi ya njano ambayo kampuni yake ya bima inaitoa, bima ya Kenya peke yake haitoshi ukishavuka. Mpakani gari linapewa kibali cha muda, karatasi hiyo usiipoteze maana wakati wa kutoka wataidai. Watoto wawe na hati zao, na kama baba yao hasafiri nanyi beba barua yake ya ridhaa. Ndani ya gari kuwe na vibao viwili vya pembetatu na kizima moto ambacho hakijapita muda. Tanzania ukiona kibao cha 50 unapoingia kijijini ni 50 kweli, trafiki wanapima mwendo kwa tochi.

Maji ya tenki yananuka kama yai bovu. Nimesuuza mara nyingi. Dada wa Mombasa

Kusuuza hakutoshi dada, kuna utelezi umeota ndani ya tenki na mabomba. Jaza tenki, weka Jik isiyo na manukato mililita 100 kwa kila lita 100 za maji, fungua kila bomba mpaka usikie harufu ya Jik, funga, acha usiku mzima. Asubuhi mwaga yote, jaza maji safi na umwage tena mpaka harufu iishe. Rudia kila gari likikaa zaidi ya mwezi.

Sisi tunakwenda Njombe mwezi wa saba, baridi kali. Tunaweza kuweka jiko la mkaa ndani likishapoa moshi, tufungue dirisha kidogo? Wanandoa wapya

Hapana. Nawaomba kabisa wanangu, hapana. Mkaa usiotoa moshi ndo hatari zaidi kwa sababu kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, unasinzia tu huamki, na gari ni dogo kuliko chumba chochote. Dirisha kidogo haliwaokoi. Hata jiko la gesi msilale nalo likiwaka. Chukueni blanketi mbili nzito, chupa ya maji ya moto miguuni, zibeni madirisha kwa foili ya kuzuia baridi lakini muache sehemu ya kupumulia. Kabati la mtungi liwe na tundu chini kabisa linalotoka nje, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni hapo mlipolala. Pakeni povu la sabuni kwenye maungio kila mkifunga mtungi mpya.

Tuko Minneapolis, tumenunua RV (kempa kwa jina la huku) ya mtumba kwa ajili ya safari za kiangazi. Sasa baridi inakaribia, tunaweza kuiacha tu nje ya nyumba? Familia ya diaspora

Kuiacha sawa, ila isiwe na maji ndani. Maji yakiganda yanapasua mabomba na mtajua baada ya miezi sakafu ikiwa imelowa. Mwageni matenki yote, mwageni hita ya maji ikiwa imepoa, halafu mgeuze valvu zake ili kitakachopita kwenye mabomba kiizunguke hita, kisiingie ndani yake. Kisha vuteni kwa pampu ile dawa ya kuzuia kuganda ya rangi ya pinki, fungueni kila bomba la moto na la baridi mpaka itoke pinki, msisahau choo na bafu. Msichanganye na ile ya rediyeta ya injini, ile ni sumu. Betri ya maji ijazeni kabisa kisha mtoe waya, iliyojaa haigandi kirahisi ila iliyoisha chaji inaganda na kupasuka. Ya lithiamu ipelekeni ndani, haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri. Toeni chakula chote na mzibe matundu ya chini, panya wanapenda nyaya. Mwezi wa tano mkiitoa tena suuzeni mabomba mpaka pinki iishe, halafu fanyeni ile ya Jik niliyomwelekeza dada wa Mombasa, blichi yoyote ya kawaida ya huko itafaa ilimradi haina manukato.