Mwaka Mmoja Barabarani na Kamera

Swali: Ndugu Mhariri, nakusudia kutumia mwaka mzima nikisafiri kwa gari kati ya Tanga na Mtwara, nikipiga picha za miji mikubwa na midogo. Nianze lini, na wenyeji niwaombeje ruhusa? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Anza Tanga mwezi Juni, masika yakishapita, kisha ushuke kusini kabla ya Desemba, kwa kuwa Lindi na Mtwara zina msimu mmoja mrefu wa mvua unaoendelea hadi Aprili. Januari, kaskazini panapokauka, urudi kwenye miji uliyoipita kwa haraka. Jua la saa sita, hasa Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari hadi mwanzoni mwa Machi, linapopita utosini, hufukia macho ya watu kivulini, kwa hiyo mchana ni wa kula na kuzungumza. Pangani, wahi alfajiri kwenye kivuko cha Bweni, abiria wanapoingiza baiskeli pantoni. Mikindani, sogelea kuta zilizobanduka lipu hadi mawe ya matumbawe yakaonekana. Dar es Salaam usiipe miezi mingi. Imekwisha kupigwa picha mno. Kwa wenyeji, mzee aliyeketi barazani aamkiwe kwanza, kamera ikiwa bado mkobani, na ofisi ya serikali ya mtaa ijulishwe. Kambi za jeshi usizielekezee kamera kabisa.