Barua kwa mwanangu aliyeko Perth, Australia: kwa nini waliiona pwani hiyo wakaipita

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mama yako naye anaitikia, ila amenuna kidogo kwa kuwa ujumbe wa sauti ulinitumia mimi peke yangu. Nimeusikiliza mara tatu. Unasema mmeendesha gari saa tisa kutoka Perth hadi Denham, kilomita mia nane na ushei, mkapita mji mmoja tu wa maana, Geraldton, na baada ya hapo ni vichaka, vumbi jekundu na vituo vya mafuta. Kufika huko mkaambiwa kwamba Mholanzi Dirk Hartog alitua kisiwa cha jirani mwaka 1616. Ndipo ukauliza: "Baba, kama watu walifika zamani hivyo, mbona hawakukaa? Na sisi wa ng'ambo ya bahari hii hii, mbona hatukufika?"

Swali umelileta kwa mwenyewe. Unajua miaka ya themanini nilikuwa kwenye meli za kondoo, tunapakia Fremantle, tunashusha Kuwait. Pwani hiyo naijua kwa upande wa maji, ambao ndio upande alioujua Hartog.

Lakini kabla sijaenda mbali, hilo neno lako "watu" nilirekebishe. Watu walikuwapo. Wamekaa Australia Magharibi maelfu kwa maelfu ya miaka. Wataalamu wanataja 50,000 na zaidi. Hapo ulipopanga chumba ni ardhi ya Wanoongar, na mwaka wao una majira sita, si manne kama ya Wazungu waliowafuata: Birak, Bunuru, Djeran, Makuru, Djilba, Kambarang. Kila majira na chakula chake na mahali pake pa kuhamia. Mtu hagawi mwaka mara sita katika nchi asiyoijua. Kwa hiyo swali lako ni kwa nini wageni hawakukaa, na jibu langu ni moja: maji. Maji ya kunywa. Mengine yote yanakuja nyuma yake.

Sasa Hartog. Merikebu za Kizungu zilizokuwa zikienda visiwa vya viungo zilikuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema kisha zinapanda huku kwetu, zinapita Mlango wa Msumbiji, zinangoja kusi liwasukume kwenda India. Ukikosa msimu, umekaa. Mwaka 1611 nahodha mmoja wa Kiholanzi, Hendrik Brouwer, akajaribu jambo jingine: alipoiacha Rasi alishuka kusini zaidi, akashika pepo kali za magharibi zinazovuma kule bila kupumzika, akaenda nazo mashariki, halafu akakata kaskazini kuelekea Java, kisiwa cha Indonesia ya leo. Safari ilipungua karibu nusu, na kampuni yao ya biashara ikaifanya njia hiyo kuwa amri.

Shida ni kujua lini ukate. Latitudo waliipima kwa jua. Longitudo haikupimika, kwa sababu hawakuwa na saa ya kuaminika baharini. Basi nahodha alikisia. Akichelewa kugeuza, anashtukia mwamba uko mbele yake, na mwamba huo ni pwani unayokaa wewe. Ndivyo Hartog alivyoiona tarehe 25 Oktoba 1616. Hakuitafuta, aliigonga kwa macho, na ashukuru ni kwa macho tu. Alikaa siku mbili, akapigilia sahani ya bati kwenye nguzo, imeandikwa jina la merikebu yake, Eendracht, na wakubwa waliokuwamo, akaondoka. Sahani iliyopigiliwa kwenye gogo, mwanangu. Ukiona mgeni anaacha sahani na kuondoka, ujue hapakuwa na cha kutia ndani yake.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Juni 1629 merikebu Batavia ilipanda mwamba usiku kwenye visiwa vya Abrolhos, mbele ya Geraldton mliyoipita. Mkuu wa safari, Pelsaert, akachukua mashua kutafuta maji bara. Hakupata ya kutosha, akaendelea nayo hadi Java kuomba msaada. Huku nyuma mtu mmoja, Cornelisz, akajifanya mfalme wa visiwa, yeye na genge lake wakaua zaidi ya watu mia moja, wanawake na watoto wamo. Pelsaert aliporudi aliwanyonga wakubwa wao, na vijana wawili akawashusha bara akawaacha. Hawakuonekana tena. Ndio Wazungu wa kwanza tunaojua kwamba walibaki kuishi Australia: wauaji wawili walioachwa ufukweni. Mimi hadithi hiyo naipenda kuliko za magavana.

Mwingereza Dampier naye alifika 1699 hapo hapo mlipolala, akapaita Ghuba ya Papa, Shark Bay. Watu wake walichimba na kuchimba, maji matamu hayakutoka. Akang'oa nanga.

Nikwambie kwa nini namwelewa. Safari moja tulitoka Fremantle na kondoo elfu nyingi, siku ya nne mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa ukafa. Mafundi walihangaika nao siku mbili. Tukapimiwa, watu na wanyama. Asubuhi ya pili nilishuka ghorofa ya chini nikakuta kondoo wanaramba vyuma vya zizi, ule unyevu wa usiku ulioganda kwenye bomba, zizi zima kimya, unasikia ndimi tu. Mtu aliyesikia hilo haulizi kwa nini Dampier hakujenga.

Kuhusu sisi. Umesema bahari ni moja, kweli, lakini upepo si mmoja. Sisi tunaishi kwa kaskazi na kusi. Kaskazi linaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi linayarudisha. Hakuna upepo wa msimu unaokutoa Kilwa ukakufikisha Denham. Hili kusi linalopiga minazi yetu mwezi wa sita linatoka huko huko uliko, linavuka bahari yote kuja kwetu. Nahodha wa hapa angekwenda nalo uso kwa uso majuma kwa majuma, bila kisiwa cha kujaza mapipa, kwenda mahali ambapo hakuna aliyemwambia kwamba kuna biashara. Hata mimi nisingekwenda.

Utaniambia habari za sarafu. Ni kweli: mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, ambavyo haviko jimbo lako, viko jirani, Northern Territory. Tano kati yake ni za shaba, za masultani wa Kilwa. Wazee wa baraza hapa mtaani wakisikia hivyo wanasema basi Australia ni yetu. Lakini nne zilizobaki zilikuwa za ile kampuni ya Waholanzi, za miaka ya 1690 na kuendelea. Mimi naona zilisafiri katika mfuko mmoja, mfuko wa mtu wa baadaye. Wa kwetu aliyefika kweli ni mbuyu. Ukienda Kimberley, juu kabisa kaskazini, utaikuta mibuyu imesimama na matumbo yake, wao wanaiita boab. Wataalamu wanaona mbegu zilielea baharini. Buyu halihitaji maji ya kunywa njiani.

Sasa kwa nini Perth. Kwa sababu ya mto. Mholanzi Willem de Vlamingh aliingia mto huo kwa mashua 1697, akakuta mabata maji makubwa yenye shingo ndefu, meusi, wakati Ulaya kote yanajulikana meupe, ndipo ukaitwa mto wa Swan, yaani wa bata maji huyo. Mwaka 1827 akaja Kapteni James Stirling, akaona miti mirefu, akaandika London kwamba udongo ni mzuri mno. Mchanga mtupu! Serikali ilikuwa na hofu Wafaransa wasije wakatangulia, ikakubali. Kapteni Fremantle alipandisha bendera Mei 1829, Perth ikazinduliwa Agosti mwaka huo, na walowezi wakaahidiwa ekari 40 kwa kila pauni 3 za mali watakayoleta. Fikiria, watu wanashushwa ufukweni katikati ya mvua za baridi na samani zao, hakuna hata kibanda. Tajiri mmoja, Thomas Peel, alileta vibarua mamia, wengine wakafa, wengine wakamkimbia. Mwaka 1850 koloni zima lilikuwa na watu wasiofika 6,000, ndipo wakaomba waletewe wafungwa, na hadi 1868 wakaletwa zaidi ya 9,000.

Na penye mto ndipo penye damu, usisahau. Wanoongar walikuwa wakinywa pale pale. Oktoba 1834, huko Pinjarra kusini mwa Perth, Stirling mwenyewe aliongoza askari wakawazunguka watu wa Bindjareb, ukoo wa Wanoongar, asubuhi kando ya mto na kuwapiga risasi, na watoto wamo. Miaka mingi vitabu viliita vile "vita". Baadaye tena, 1906, Alfred Canning alipopima njia ya kuswaga ng'ombe jangwani, aliwafunga wenyeji minyororo wamwonyeshe visima. Ndiyo maana nasema nchi haikuwa tupu. Maji yalikuwapo, ila yalikuwa na wenyewe. Bara huko wenyeji walikuwa na vishimo kwenye miamba ya itale, wanavifunika kwa bamba la jiwe maji yasikauke wala mnyama asiingie. Unaweza kupita hatua tatu usikione.

Ile picha uliyonitumia, ya mtu juu ya farasi ndani ya maji, ukaandika "sanamu ya ajabu": huyo ni C. Y. O'Connor, mhandisi kutoka Ireland. Mdomo wa mto hapo Fremantle ulikuwa umezibwa na kizingiti cha mawe, meli kubwa haziingii. Yeye alikilipua, na kuanzia 1897 bandari ikawa bandari. Gati nililokuwa nikipandia ni kazi yake. Wakati huo dhahabu ilikuwa imeonekana Coolgardie 1892 na Kalgoorlie 1893, watu wa jimbo wakapanda kutoka kama elfu hamsini 1891 hadi zaidi ya 180,000 mwaka 1901. Wachimbaji wana dhahabu mfukoni na homa ya matumbo tumboni, wanachemsha maji ya chumvi ya kila ziwa lililokauka na kununua mvuke wake kwa galoni. O'Connor akasema atasukuma maji kutoka bwawa la Mundaring, karibu na Perth, kilomita 530 hivi, kwa vituo vinane vya pampu, tena kupanda mlima. Magazeti yalimchana. Yakamwita mla rushwa. Machi 1902 alipanda farasi wake akaenda ufukweni, akaingia naye majini, akajipiga risasi. Januari 1903 maji yalifika Kalgoorlie, na bomba linafanya kazi hadi leo.

Kwa hiyo hesabu yako ya barabarani iko sawa. Jimbo lina zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili na nusu, Tanzania inaingia humo mara mbili na inabaki nafasi, na pwani yake ya bara inapita kilomita 12,000. Watu kama milioni tatu, na wanne katika kila watano wako Perth na viunga vyake. Hata mvua za hapo zimepungua, tangu 2006 wanachuja maji ya bahari kama sisi melini. Chuma cha Pilbara, huko kaskazini, kinachimbwa na watu wanaopanda ndege kwenda zamu na kurudi. Broome, mji wa pwani ya kaskazini, ilisimama kwa lulu na Wajapani waliozamia. Wachache ndio waliohamia na watoto.

Ukienda tena kaskazini chukua maji lita kumi kwa kila kichwa, hata gari likiwa jipya, na usiiache barabara. Na Jumamosi moja shuka Fremantle, ingia makumbusho ya meli zilizozama. Ubavu wa Batavia umesimamishwa humo, na sahani aliyoiweka Vlamingh baada ya kuing'oa ya Hartog iko humo pia. Nipigie picha. Nimepita mlango ule mara nyingi nikikimbilia posta kuwatumia pesa, na sikuingia hata siku moja.

Ujumbe unaofuata mtumie mama yako.

Baba yako