Mtoto wa miezi 10 anaharisha maji: tusisingizie meno

Dada yangu wa Pate, umeuliza kama kuharisha maji na kutapika kwa mwanao ni meno, kama asemavyo nyanya yake, maana chanjo alipata. Meno hayaharishi hivyo. Huenda ni rotavirusi, kirusi kinachoharisha watoto wadogo. Chanjo ya kirusi hicho, iliyoanza kutolewa Kenya 2014, hupunguza makali lakini haimkingi kila mtoto.

Tafuta ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki. Pakiti ya ORS ichanganye na maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, si kwa kukisia. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe kijiko cha chai, tulia kidogo, mpe kingine. Inachosha, hasa usiku shuka zote zishalowa, lakini ukimpa kikombe kizima kwa mpigo atakitapika chote. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Zinki ni miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata choo kikishakuwa kizuri. Soda na juisi ya ukwaju weka kando, sukari yake huzidisha kuharisha. Antibiotiki haziui kirusi, na dawa ya kufunga choo usimpe kabisa.

Macho yakibonyea, akilia bila machozi, nepi ikikaa kavu kwa muda wa saa 6, akilegea, akitapika kila anachokunywa au choo kikiwa na damu, mkimbize kituo cha afya. Na ikibidi mvuke kwenda Lamu, tafuteni boti mapema, kabla maji hayajakupwa.